Kununua au kuuza? Jinsi toni za Kichina zinavyobadilika maneno yakikutana

Kwa Kichina, neno la kununua na neno la kuuza huandikwa kwa herufi zilezile tatu: mai. Sauti ikizama chini, unanunua. Ikianguka kwa nguvu kutoka juu, unauza. Na jambo haliishii hapo, kwa sababu sauti hizo hazitulii. Neno likisimama peke yake lina sauti moja. Likiwekwa mbele ya neno jingine, sauti yake inaweza kuwa nyingine kabisa.

Katika makala haya tunaeleza kanuni za mabadiliko hayo, ambazo si nyingi. Tunaeleza pia kwa nini msemaji wa Kisukuma au Kinyamwezi si mgeni kabisa kwenye jambo hili, ingawa huenda hajawahi kuliona limeandikwa popote.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Masumbwe iko kwenye barabara kuu itokayo Kahama kwenda Ushirombo na Nyakanazi. Pampu, jenereta, simu, vipuri vya pikipiki na mashine za kusagia mawe ya dhahabu vinavyopita hapa, vingi vimetengenezwa China. Kampuni za Kichina ndizo zilizojenga Daraja la Kigongo–Busisi, na ndizo zilizopewa kazi ya reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka. Wapo vijana wa kanda hii walioajiriwa kwenye miradi ya namna hiyo, na wapo wafanyabiashara wanaofuata mzigo Kariakoo, wengine hadi Guangzhou.

Wasikilizaji wa siku nyingi wanajua pia kwamba uhusiano huu umepitia redioni. Idhaa ya Kiswahili ya redio ya Beijing ilianza kurusha matangazo mwaka 1961, na wengi waliifuata kwenye masafa mafupi. Tangu mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vina Taasisi za Confucius zinazofundisha Kichina.

Lakini wengi hawafiki chuoni. Wanajifunza neno mojamoja kwenye simu. Anayejifunza hivyo hukutana na mshangao uleule: maneno anayajua, ila Mchina akiyasema kwa kuyaunganisha, hayasikiki kama alivyoyakariri. Sababu kubwa ni toni.

Toni ni nini?

Toni ni kimo cha sauti katika silabi: iko juu, iko chini, inapanda au inashuka. Katika lugha ya toni, kimo hicho ni sehemu ya neno, sawa na herufi zake. Ukikikosea, umesema neno jingine.

Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Kina mkazo, ambao kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mara chache mkazo hutenganisha maana, kama katika neno barabara. Ukikaza ba-ra-BA-ra, ni njia ya magari. Ukikaza ba-RA-ba-ra, ni sawasawa, kama katika "umefanya barabara". Jozi kama hizo ni chache sana. Katika Kichina, karibu kila silabi ina jambo la namna hiyo.

Kichina sanifu, kinachoitwa pia Kimandarini, kina toni nne. Mtaalamu wa lugha Yuen Ren Chao alipendekeza mwaka 1930 tuzipime kama ngazi yenye vidato vitano, kidato cha 1 kikiwa chini kabisa na cha 5 juu kabisa. Kwa kutumia ngazi hiyo:

Toni ya kwanza (ā) inakaa juu bila kutikisika, kidato cha 5 hadi 5. Ni kama mwimbaji wa kwaya anayeshika sauti moja ya juu.

Toni ya pili (á) inapanda, kidato cha 3 hadi 5. Ni kama unavyoitikia kwa mshangao: "Eeh?"

Toni ya tatu (ǎ) inazama kisha inainuka, kidato cha 2, 1, halafu 4. Ni kama "mmh" ya mtu mwenye mashaka.

Toni ya nne (à) inaanguka kwa nguvu, kidato cha 5 hadi 1. Ni kama amri fupi: "Toka!"

Ipo pia silabi nyepesi isiyo na toni yake, ambayo hutamkwa haraka tu.

Kwa hiyo mā ni mama, má ni mmea wa nyuzi za kutengenezea kamba, mǎ ni farasi, na mà ni kutukana. Kwa sisi wa ukanda wa dhahabu, jīn yenye toni ya kwanza ni dhahabu, lakini jìn yenye toni ya nne ni neno la kuingia, na lipo jìn jingine lenye maana ya karibu. Na kwa wafanyabiashara, mǎi yenye toni ya tatu ni kununua, mài yenye toni ya nne ni kuuza.

Alama hizo za juu ya herufi ni za pinyin, mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za kilatini uliopitishwa na serikali ya China mwaka 1958. Maandishi ya Kichina yenyewe hayaonyeshi toni. Msomaji anaijua kwa sababu analijua neno.

Kanuni ya kwanza: toni ya tatu mbili hazikai pamoja

Toni ya tatu inahitaji muda, kwa kuwa ni lazima ishuke bondeni kisha ipande. Neno likiwa peke yake au mwishoni mwa sentensi, muda upo. Likifuatwa na neno jingine, haupo.

Kwa hiyo, ikifuatwa na toni ya kwanza, ya pili au ya nne, toni ya tatu huishia bondeni. Inashuka, haipandi. Neno lǎoshī, yaani mwalimu, linaanza na sauti ya chini tu, kisha linaruka juu.

Ikifuatwa na toni ya tatu nyingine, zingekuwa sauti mbili za chini zinazofuatana. Hapo Mchina hufanya jambo moja kila mara: ya kwanza anaigeuza kuwa toni ya pili, ile inayopanda. Ya nyuma inabaki ilivyo.

Salamu inayojulikana kuliko zote ni mfano wa kanuni hii. Imeandikwa nǐ hǎo, toni ya tatu mara mbili. Inatamkwa ní hǎo: panda, kisha zama. Vivyo hivyo lǎobǎn, yaani bosi au mwenye duka, hutamkwa láobǎn. Kěyǐ, yaani inawezekana, hutamkwa kéyǐ. Hěn hǎo, yaani nzuri sana, hutamkwa hén hǎo.

Angalia jambo moja muhimu: pinyin haiandiki badiliko hili. Alama zinabaki za mwanzo, na msomaji anatarajiwa kubadilisha mwenyewe mdomoni. Anayefuata alama kama zilivyo atasema kitu ambacho Mchina ataelewa, ila kitamsikika kigumu.

Wakati mwingine badiliko linafanya maneno mawili yafanane. Mǎi mǎ ni kununua farasi. Kwa kanuni hii hutamkwa mái mǎ. Lakini mái yenye toni ya pili ni neno jingine, nalo ni kuzika chini ya udongo. Kwa hiyo "kununua farasi" na "kuzika farasi" husikika sawa, na msikilizaji anajua maana kwa mazungumzo yalivyo, kama sisi tunavyojua kama "kaa" ni kaa la moto au ni amri ya kuketi.

Zikiwa tatu mfululizo, Mchina huangalia kwanza maneno gani yanakwenda pamoja kwa maana. Wǒ hěn hǎo ni "mimi ni mzima". "Sana" na "nzuri" zinashikana kwanza, ndipo tunapata hén hǎo, na wǒ ya mbele hubaki chini. Akisema haraka, hata wǒ yaweza kupanda. Kanuni inafuata jinsi watu wanavyokusanya maneno vinywani.

Kanuni ya pili: neno bù

Bù ni neno la kukanusha, lina toni ya nne. Likifuatwa na toni ya nne nyingine, linageuka kuwa bú, linalopanda. Mbele ya toni nyingine zote halibadiliki.

Sasa rudi sokoni. "Sinunui" ni bù mǎi. Mǎi ni toni ya tatu, kwa hiyo bù inabaki ikianguka. "Siuzi" ni bú mài. Mài ni toni ya nne, kwa hiyo bu inapanda.

Msikilizaji anapata dalili mbili badala ya moja. Kabla hata neno lenyewe halijafika sikioni, bu imeshamwambia linakuja lipi. Ikianguka, linalokuja ni la kununua. Ikipanda, ni la kuuza.

Ndivyo ilivyo pia kwa wǒ, yaani mimi, yenye toni ya tatu. Katika "nanunua", wǒ mǎi, zinakutana toni mbili za tatu, kwa hiyo wǒ inapanda: wó mǎi. Katika "nauza", wǒ mài, wǒ inabaki chini. Neno la mbele limeshatoa habari ya neno la nyuma.

Hapa ndipo penye faida. Wanaojifunza huona mabadiliko ya toni kama usumbufu uliowekwa kuwatesa. Kwa anayeijua lugha, badiliko ni msaada. Sokoni kuna kelele, mashine zinanguruma, mtu anaongea haraka, na silabi moja inaweza kupotea. Jirani yake aliyebadilika kwa sababu yake bado anamtambulisha.

Kanuni ya tatu: neno yī

Yī ni moja. Ukihesabu moja, mbili, tatu, lina toni ya kwanza. Likisimama mbele ya neno jingine kama idadi, hubadilika. Mbele ya toni ya nne hupanda na kuwa yí. Mbele ya toni ya kwanza, ya pili au ya tatu huanguka na kuwa yì.

Hii inagusa bei moja kwa moja. Mia moja ni yìbǎi. Elfu moja ni yìqiān. Elfu kumi ni yí wàn. Usikilizapo, yi inayopanda hukuandaa kwa wàn, na yi inayoanguka hukuandaa kwa mia au elfu. Tofauti kati ya elfu moja na elfu kumi si ndogo.

Kumbuka pia kwamba Wachina hukusanya namba kwa elfu kumikumi. Elfu kumi na tano ni yí wàn wǔqiān, yaani "moja ya elfu kumi, na elfu tano". Laki moja ni shí wàn, yaani elfu kumi mara kumi. Milioni moja ni yìbǎi wàn, yaani elfu kumi mara mia. Anayetafsiri kichwani harakaharaka anaweza kukosea sifuri nzima.

Na kwetu je?

Lugha nyingi za Kibantu ni za toni. Kiswahili ni mojawapo ya chache zilizopoteza toni. Kisukuma na Kinyamwezi bado zinazo, na hapa Masumbwe lugha hizo husikika kila siku pamoja na Kisumbwa, ambacho wenyewe Basumbwa huita Sisumbwa.

Kisukuma ni maarufu miongoni mwa wataalamu wa lugha duniani kwa sababu ya toni yake. Irvine Richardson alichapisha kitabu kizima kuhusu toni ya Kisukuma huko London mwaka 1959. Herman Batibo, msomi wa Kitanzania, aliandika kuhusu Kisukuma katika kitabu kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1985. Kilichowashangaza wasomi ni kwamba katika Kisukuma toni ya juu haisikiki pale inapotoka. Inaruka silabi mbili kwenda mbele.

Chukua vitenzi viwili: kusola, yaani kuchagua, na kubona, yaani kuona. Mzizi wa kusola hauna toni ya juu. Mzizi wa kubona unayo, na inatoka kwenye silabi bo. Sasa virefushe vyote viwili kwa kiambishi cha kufanya kwa wakati mmoja: kusolanija na kubonanija. Cha kwanza kinakwenda bapa mwanzo hadi mwisho. Cha pili kinainuka, lakini si kwenye bo. Kinainuka kwenye ni: ku-bo-na-NI-ja. Hesabu kutoka bo: na ni ya kwanza, ni ni ya pili. Hapo ndipo toni imetua.

Neno likiwa fupi, toni ikakosa silabi mbili za kuruka ndani yake, inaweza kuvuka mpaka na kutua kwenye neno linalofuata. Maana yake ni kwamba neno la pili linaweza kubeba alama ya neno la kwanza. Ukisikia neno ambalo kwa kawaida huanza chini limeanza juu, sababu iko kwa jirani yake aliyetangulia.

Kinyamwezi kina tabia hiyo pia, ila kwa hatua fupi zaidi: toni huruka silabi moja. Jambo hilo limeelezwa katika kitabu cha sarufi ya Kinyamwezi cha Clement Maganga na Thilo Schadeberg cha mwaka 1992. Lugha hizi mbili zinafanana mno, na toni ni mojawapo ya mambo yanayomfanya mtu wa Tabora na mtu wa Mwanza watambuane kwa lafudhi.

Kwa Sisumbwa, kazi kubwa ya msamiati ilifanywa na Profesa Kulikoyela Kahigi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mshairi ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Bukombe kati ya 2010 na 2015. Kamusi yake ya Sisumbwa, Kiswahili na Kiingereza ilitoka mwaka 2008 chini ya mradi wa lugha za Tanzania wa chuo hicho.

Zinafanana wapi, zinatofautiana wapi

Katika Kichina, toni hubaki kwenye silabi yake ila hubadilisha umbo kwa sababu ya jirani anayekuja. Katika Kisukuma, toni yenyewe huhama na kwenda mbele. Mchina huangalia mbele. Msukuma hutupa mbele. Lakini somo ni moja: ukitaka kujua toni ya neno, usilisikilize likiwa peke yake. Lisikilize likiwa na wenzake.

Ipo tofauti nyingine, nayo ina uzito kwetu. Mtoto wa China akianza shule hufundishwa pinyin pamoja na alama za toni, kwa hiyo anajua kwamba lugha yake ina jambo hilo na lina jina. Maandishi ya kawaida ya Kisukuma hayaweki alama ya toni. Anayesoma anategemea kuwa tayari anaijua lugha. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili tu, akisoma maandishi ya Kisukuma, ataweka mkazo wa Kiswahili kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na bibi yake atamwambia anaongea kama mgeni. Herufi zote amezitamka. Kilichokosekana hakikuandikwa. Toni hupokewa kwa kusikia, na isiposikika nyumbani hakuna ukurasa wa kuirudisha.

Ukitaka kujifunza

Jifunze kifungu, si neno mojamoja. Usikariri nǐ peke yake na hǎo peke yake; shika ní hǎo kama kitu kimoja. Usikariri bù, mǎi na mài. Shika bù mǎi na bú mài kama vifungu viwili.

Ukisoma pinyin, angalia silabi inayofuata kabla ya kutamka. Toni ya tatu mbili zikifuatana, pandisha ya mbele. Ukiona bù au yī, tazama kwanza nini kiko mbele yake.

Imba bila maneno. Funga mdomo, toa sauti puani, na ufuate mlima na bonde la kifungu ulichosikia. Ukipata wimbo wake, maneno utayaweka baadaye. Jaribu pia kwa lugha yako ya nyumbani: sema neno peke yake, kisha liweke ndani ya sentensi, na usikilize sauti ya juu imekwenda wapi.

Fahamu pia kwamba si kila Mchina anaongea kwa lafudhi moja. Watu wa Guangzhou wana lugha yao, Kikantoni, yenye toni sita, na wengi hujifunza Kimandarini shuleni. Watu wa Fujian, upande wa Xiamen, wana lugha ambayo karibu kila silabi hubadilisha toni isipokuwa ya mwisho katika kifungu.

Na linapofika suala la fedha, usitegemee toni peke yake. Andika tarakimu kwenye simu, mwonyeshe mwenzako, naye akuonyeshe zake. Hakikisha pia nani ananunua na nani anauza.